Mwongozo Kamili: Jinsi ya Kuandaa Orodha Sahihi ya Watu Mashuhuri Waliozaliwa na Waliofariki Tarehe Fulani

Wengi wanaoandaa safu ya "Siku kama ya leo" kwa ajili ya redio, jarida la shule au kalenda ya ukutani hukwama mahali pale pale. Orodha hutoka ikiwa nzuri kwa macho, kisha wasomaji huanza kuonyesha kwamba fulani alizaliwa siku iliyotangulia, fulani alizikwa siku hiyo ilhali alifariki jana yake, na fulani hana tarehe ya kuzaliwa inayojulikana hata kidogo. Makosa hayo karibu yote yana chanzo kimoja, nacho ni kunakili tarehe bila kuuliza maswali matatu: tarehe hii ni ya tukio gani, imehesabiwa kwa kalenda ipi, na nani aliyeiandika kwanza.

Mwongozo huu unafuata tarehe moja, 23 Aprili, tangu mwanzo hadi orodha iliyokamilika. Nimeichagua kwa sababu imebeba mitego mingi kuliko tarehe nyingi nyingine, na anayeweza kuipanga hiyo ataweza kupanga tarehe yoyote ile.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Lahajedwali au daftari lenye safu saba: jina, tukio, tarehe kama ilivyoandikwa katika chanzo, kalenda, tarehe utakayotumia, chanzo cha kwanza, chanzo cha pili.
- Vyanzo viwili visivyonakiliana kwa kila jina. Ensaiklopidia mbili zilizochota kutoka wasifu mmoja ni chanzo kimoja.
- Kikokotoo cha kubadilisha tarehe kati ya kalenda ya Juliasi (ya kale ya Kirumi), ya Gregori (tunayoitumia leo) na ya Hijria (ya Kiislamu).
- Kalenda ya kudumu, yaani ile inayokuonyesha siku ya wiki kwa mwaka wowote. Wengi huiacha, nayo ndiyo itakayokata mabishano yasiyo na njia nyingine ya kukatwa.
- Muda wa kutosha. Jina moja lenye utata linaweza kukuchukulia muda mrefu kuliko majina kumi yaliyo wazi, na ni heri kulijua hilo mapema kuliko kubanwa na saa ya kwenda hewani.

## Hatua ya 1: Amua nani ataingia

Andika vigezo vyako kabla ya kutafuta jina lolote. Ukianza kwa kutafuta, utajikuta unaingiza kila unachokutana nacho, na orodha itajaa waigizaji na wanamichezo wa nchi chache ambazo kumbukumbu zake ni rahisi kupatikana.

Kigezo kizuri ni kile kinachoweza kuelezwa kwa sentensi moja: mtu ambaye kazi yake, uongozi wake au ugunduzi wake umeandikwa na watu wasio jamaa wala waajiri wake. Amua pia idadi ya juu kwa kila upande. Majina matano au sita ya waliozaliwa, na mengine kama hayo ya waliofariki, yanatosha kwa safu ya kawaida.

## Hatua ya 2: Kusanya majina bila kuyaamini

Katika hatua hii jaza safu tatu za mwanzo tu: jina, tukio, na tarehe kama ulivyoikuta. Usisahihishe chochote bado, hata kama unaona kosa, kwa sababu ukibadilisha tarehe mapema hutakumbuka baadaye iwapo ilibadilishwa na wewe au na chanzo.

Jihadhari na tarehe 1 Januari. Mikusanyo mingi ya data huhifadhi mtu ambaye mwaka wake pekee ndio unaojulikana kana kwamba alizaliwa 1 Januari ya mwaka huo. Ukiandaa orodha ya siku hiyo kwa kuchota kutoka kwenye mkusanyo wa namna hii, utapata umati wa watu ambao kwa kweli siku yao haijulikani. Kila jina la 1 Januari lihesabiwe kuwa na shaka mpaka lithibitishwe.

## Hatua ya 3: Tenganisha tukio na kumbukumbu ya tukio

Zamani makanisa yaliandika ubatizo na maziko. Saa mtoto alipozaliwa au mgonjwa alipokata roho mara nyingi haikuandikwa popote. Kwa hiyo tarehe nyingi tunazoziita za kuzaliwa ni za kubatizwa, na nyingi tunazoziita za kufariki ni za kuzikwa. Ludwig van Beethoven alibatizwa Bonn tarehe 17 Desemba 1770. Siku aliyozaliwa inakisiwa tu kutokana na hiyo.

William Shakespeare anastahili kutazamwa kwa karibu, kwa kuwa yumo katika kila orodha ya 23 Aprili, na mara nyingi huingizwa pande zote mbili. Daftari la kanisa la Stratford-upon-Avon linaonyesha kwamba alibatizwa 26 Aprili 1564. Halitaji siku ya kuzaliwa. Kwa upande wa kifo, mnara wake wa kumbukumbu katika kanisa hilohilo unasema alifariki 23 Aprili 1616 akiwa katika mwaka wa 53 wa umri wake, na daftari linaonyesha alizikwa siku mbili baadaye. Aliye katika mwaka wa 53 ametimiza 52, kwa hiyo kama mnara hausemi uongo, alizaliwa tarehe 23 Aprili 1564 au kabla yake kidogo. Hapo ndipo ushahidi unapokoma. Kuzaliwa kwake 23 Aprili ni mapokeo yanayopendeza kwa sababu yanalingana na siku ya kifo, ilhali kifo chenyewe kina maandishi.

Uamuzi ninaoupendekeza ni huu: mweke upande wa waliofariki bila kusita, na upande wa waliozaliwa ama umwache, ama uandike wazi "kwa mapokeo, alibatizwa 26 Aprili".

Miguel de Cervantes, mwandishi wa Hispania, ni mtego wa aina hiyohiyo uliogeuzwa. Husemwa kila mwaka kwamba yeye na Shakespeare walifariki siku moja, 23 Aprili 1616. Cervantes alifariki Madrid 22 Aprili na kuzikwa kesho yake. Orodha yako ya 23 Aprili haina nafasi yake, isipokuwa kama unaandika pia waliozikwa.

Hatua hii imekamilika pale ambapo kila jina lina neno moja kati ya haya manne: kuzaliwa, kubatizwa, kufariki, kuzikwa. Jina lisilo na neno hilo halijamaliza kukaguliwa.

## Hatua ya 4: Tambua kalenda

Makosa mengi kuliko yote hutokea hapa, nami nakuomba usiiruke hatua hii hata kama majina yako ni ya karne za karibuni.

Kalenda ya Gregori ilianza kutumika mwaka 1582, wakati nchi za Kikatoliki kama Hispania, Ureno na sehemu kubwa ya Italia zilipotoka Alhamisi 4 Oktoba na kuingia Ijumaa 15 Oktoba. Teresa wa Ávila, mtakatifu wa Kikatoliki wa Hispania, alifariki usiku huohuo wa mpito, na ndiyo maana sikukuu yake ni 15 Oktoba. Nchi nyingine zilichelewa. Uingereza ilitoka 2 Septemba na kuingia 14 Septemba mwaka 1752. Urusi ilitoka 31 Januari na kuingia 14 Februari mwaka 1918. Ugiriki ilifuata mwaka 1923.

Kubadilisha tarehe ya Juliasi kuwa ya Gregori, ongeza siku kama ifuatavyo:

- Kuanzia 1582 hadi mwisho wa Februari 1700: siku 10.
- Kutoka hapo hadi mwisho wa Februari 1800: siku 11.
- Kutoka hapo hadi mwisho wa Februari 1900: siku 12.
- Kutoka hapo hadi mwisho wa Februari 2100: siku 13.

Angalia mstari wa tatu na wa nne, kwa maana ndio uliomponza hata mwandishi Vladimir Nabokov. Alizaliwa Sankt Peterburg tarehe 10 Aprili 1899 kwa kalenda ya Juliasi. Ni karne ya 19, kwa hiyo unaongeza siku 12 na kupata 22 Aprili. Mwaka uliofuata tofauti ilikua hadi siku 13, na 10 Aprili ya Juliasi ikawa inaangukia 23 Aprili; ndiyo siku aliyozoea kuiadhimisha. Kanuni ni kwamba unatumia tofauti ya mwaka wa tukio. Tofauti ya miaka ya sherehe zilizofuata haihusiki. Kwa hesabu hiyo Nabokov hayumo katika orodha ya 23 Aprili, hata kama vyanzo vingine vitamtaja humo. Vladimir Lenin naye, aliyezaliwa 10 Aprili 1870 kwa Juliasi, anabaki 22 Aprili.

Mtunzi wa muziki Sergei Prokofiev ni kesi ngumu zaidi. Mwenyewe alitaja 11 Aprili 1891 kwa Juliasi, ambayo ni 23 Aprili kwa Gregori, lakini cheti chake cha kuzaliwa kinaonyesha siku nne baadaye, 27 Aprili. Hapa hakuna kikokotoo kitakachokusaidia, kwa sababu vyanzo viwili vinapingana kabla ya kalenda kuingia. Mweke tarehe moja na utaje ya pili katika sentensi ileile.

Onyo la kwanza. Usibadilishe mara mbili. Ensaiklopidia nyingi za leo zimekwisha kuzibadilisha tarehe za Urusi ya kale. Ukiongeza siku 12 juu ya tarehe iliyobadilishwa tayari, utampeleka mtu karibu wiki mbili mbele. Tafuta chanzo kinachotaja tarehe zote mbili bega kwa bega. Kikiwepo, kazi imekwisha.

Onyo la pili. Uingereza kabla ya 1752 ilianza mwaka wake 25 Machi. George Washington, aliyezaliwa Virginia ilipokuwa koloni la Uingereza, aliandikwa 11 Februari 1731, ambayo kwa hesabu ya leo ni 22 Februari 1732: siku zimeongezeka 11, na mwaka nao umesogea. Tarehe yoyote ya Kiingereza kati ya 1 Januari na 24 Machi kabla ya 1752 ikaguliwe mwaka wake.

Onyo la tatu. Usilinganishe watu wawili kwa kalenda mbili. Galileo Galilei alifariki 8 Januari 1642 kwa Gregori. Isaac Newton alizaliwa 25 Desemba 1642 kwa Juliasi, yaani 4 Januari 1643 kwa Gregori. Usemi kwamba mmoja alizaliwa mwaka aliofariki mwingine unasimama tu ukichanganya kalenda. Ndivyo ilivyo pia kwa Shakespeare na Cervantes: 23 Aprili 1616 ya Stratford ilikuwa 3 Mei kule Madrid, hivyo waliachana kwa siku 11. UNESCO ilipoitangaza 23 Aprili mwaka 1995 kuwa Siku ya Kimataifa ya Vitabu na Hakimiliki, ilienzi tarehe inayofanana kwa maandishi, na hilo halina ubaya, mradi wewe usiandike kwamba walikata roho siku moja.

Baada ya hayo yote unahitaji kanuni moja ya kudumu. Yangu ni hii. Matukio ya kabla ya 15 Oktoba 1582 yanabaki kwa Juliasi. Matukio ya baadaye yanawekwa kwa Gregori. Pale ambapo tarehe ya kale imeota mizizi kiasi kwamba msomaji ataitafuta hapo, kama kifo cha Shakespeare, iache mahali pake na utaje ya Gregori pembeni. Unaweza kuwa na kanuni tofauti, lakini iandike juu ya orodha yako na uifuate bila kupindisha.

## Hatua ya 5: Tarehe za Hijria na siku ya wiki

Tarehe ya Hijria haibadiliki kwa kuongeza idadi fulani ya siku. Mwezi uliandama kwa kuonekana, na siku ya Kiislamu huanza magharibi, kwa hiyo kikokotoo kinaweza kukosea kwa siku moja au mbili. Kinachookoa hapa ni siku ya wiki.

Mfano mzuri ni Ibn Battuta, msafiri wa Tangier aliyefika Mombasa na Kilwa. Vyanzo vingine vinasema alizaliwa 24 Februari 1304, vingine 25 Februari. Mwandishi aliyeiandika safari yake, Ibn Juzayy, anasema alielezwa na Ibn Battuta mwenyewe kwamba alizaliwa Jumatatu, tarehe 17 Rajabu 703. Fungua kalenda ya kudumu ya Juliasi: Jumatatu ni 24 Februari 1304, na 25 ni Jumanne. Kama neno "Jumatatu" ni sahihi, tarehe 24 ndiyo yenye nguvu.

Angalia tu kwamba usiku wa kuamkia Jumatatu, ambao kwa hesabu hiyo tayari ni Jumatatu, huanza Jumapili jua likizama. Chanzo kikisema mtu alifariki usiku, tarehe ya Gregori au Juliasi inaweza kuwa ya siku iliyotangulia.

Njia hiyohiyo inafaa hata kwa tarehe za Ulaya. Mfalme Brian Boru wa Ireland aliuawa katika vita vya Clontarf siku ya Ijumaa Kuu mwaka 1014. Kalenda ya kudumu inaonyesha kwamba 23 Aprili 1014 ilikuwa Ijumaa, na Pasaka ya mwaka huo ilikuwa 25 Aprili. Vitu vitatu vinaafikiana. Jina lake linaingia bila alama ya shaka.

## Hatua ya 6: Pima nguvu ya ushahidi

Kwa kawaida cheti kilichoandikwa wakati wa tukio kinashinda kumbukumbu ya mhusika, hata akiwa maarufu kiasi gani. Louis Armstrong alisema maisha yake yote kwamba alizaliwa 4 Julai 1900. Baada ya kifo chake daftari la ubatizo la New Orleans lilionyesha 4 Agosti 1901, na orodha nyingi za 4 Julai bado zinamtaja.

Kuna watu wasio na siku inayojulikana, na heshima kwao ni kutowabandika siku. Jomo Kenyatta alifariki 22 Agosti 1978, lakini hata mwaka wake wa kuzaliwa ni wa makisio, kwa hiyo anastahili orodha ya waliofariki peke yake. Anne Frank alizaliwa 12 Juni 1929 na akafa kambini Bergen-Belsen mapema mwaka 1945, siku isiyojulikana. Usimtafutie tarehe ya kifo ili tu upande wa pili ujae.

## Hatua ya 7: Saa na mahali

Tumia tarehe ya mahali tukio lilipotokea, kwa saa za hapo. Diana, Binti Mfalme wa Wales, alifariki Paris alfajiri ya 31 Agosti 1997. New York ilikuwa bado usiku wa tarehe 30. Tarehe yake ni 31 Agosti.

Kumbuka kwamba tarehe ya kiserikali hubadilika saa sita usiku. Ripoti ikisema "usiku wa kuamkia tarehe 24", tafuta saa kamili kabla ya kuandika 23 au 24.

## Hatua ya 8: Andika orodha

Kila mstari uwe na mwaka, jina, kazi kuu, nchi, na pale inapohitajika, kalenda. Panga kwa mwaka, wa zamani kwanza. Kwa waliofariki, hesabu umri kwa siku na mwezi, usitoe mwaka kwa mwaka: Satyajit Ray alizaliwa 2 Mei 1921 na kufariki 23 Aprili 1992, hivyo alikuwa na miaka 70, ingawa 1992 ukitoa 1921 unapata 71.

Orodha yetu ya 23 Aprili inasomeka hivi:

Waliozaliwa

- 1858: Max Planck, mwanafizikia wa Ujerumani, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Fizikia ya mwaka 1918.
- 1891: Sergei Prokofiev, mtunzi wa muziki wa Urusi (11 Aprili kwa Juliasi; cheti chake kinaonyesha 27 Aprili kwa Gregori).
- 1897: Lester B. Pearson, waziri mkuu wa Kanada, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Amani ya mwaka 1957.
- 1902: Halldór Laxness, mwandishi wa Iceland, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Fasihi ya mwaka 1955.
- 1928: Shirley Temple, mwigizaji wa Marekani ambaye baadaye alikuwa balozi nchini Ghana.

Waliofariki

- 1014: Brian Boru, mfalme wa Ireland (Juliasi).
- 1616: William Shakespeare, mshairi na mwandishi wa tamthilia wa Uingereza (Juliasi, 3 Mei kwa Gregori).
- 1850: William Wordsworth, mshairi wa Uingereza, akiwa na miaka 80.
- 1992: Satyajit Ray, mwongozaji wa filamu wa India, akiwa na miaka 70.
- 1993: César Chávez, kiongozi wa wafanyakazi wa mashambani nchini Marekani, akiwa na miaka 66.
- 2007: Boris Yeltsin, rais wa kwanza wa Shirikisho la Urusi, akiwa na miaka 76.

## Hatua ya 9: Kagua kabla ya kutoa, na baada ya kutoa

Mpe mtu mwingine lahajedwali lako pamoja na orodha, umwombe achague majina matatu na kuyafuata hadi kwenye vyanzo bila msaada wako. Akifika kwenye tarehe ileile, orodha iko tayari. Akikwama, shida iko katika safu ya chanzo, na huko ndiko pa kurekebisha.

Kwa walio hai waliomo upande wa waliozaliwa, kagua upya kila mwaka kabla ya kurudia orodha. Uvumi wa kifo cha mtu maarufu husambaa haraka sana, kwa hiyo subiri tangazo la familia, ofisi yake au hospitali, kisha tafuta tarehe ya kifo chenyewe, kwa kuwa tangazo mara nyingi hutolewa siku moja au zaidi baadaye.

Msomaji akikuletea marekebisho, muulize maswali yaleyale matatu: tukio gani, kalenda ipi, nani aliandika kwanza. Akiwa na majibu, badilisha mstari, uandike tarehe ya mabadiliko katika lahajedwali, na uache chanzo cha zamani kionekane, ili atakayeipokea kazi hii baada yako asirudishe kosa lililokwisha kuondolewa.